Uzi wa Mita Hamsini

Chiriku alirudi nyumbani viatu mkononi.

Jua lilikuwa limekwisha kulingana na ukingo wa ukuta wa ua, saa ambayo mtoto wa darasa la nne alipaswa kuwa amekaa dawatini, kilomita kumi na sita kutoka hapo, akiitika jina lake linapoitwa. Baba yake alikuwa akipanga mwiko, pimamaji na timazi ya kunyooshea kuta katika mfuko wa kazi. Alimwona akiingia langoni, sketi imelowa hadi magotini, soksi zimegeuka rangi ya udongo, naye akaacha kupanga.

"Limekuacha tena?"

"Nimeliona mgongo, baba. Nimekimbia, nikapunga mkono, likakata kona."

Aliyasema hayo, kisha akanyamaza. Na kunyamaza kwake ndiko kulikomwuma baba. Mtoto huyu alipewa jina la Chiriku kabla hajatimiza miaka miwili, kwa kuwa mdomo wake haukupata kufungwa ila usingizini. Tangu mvua zianze alikuwa akirudi kutoka shule, akila, akilala, kama mtu mzima aliyechoshwa na kibarua.

Alifungua mkoba akatoa bahasha iliyolowa pembeni. "Mpokea maziwa wa pale kituoni kanipa hii. Dereva alimwachia."

Mama yake Chiriku alitoka jikoni akifuta mikono, akaichukua. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa barua katika nyumba ile, maana mumewe alikuwa na haraka na maandishi, akiruka mistari kama mtu anayevuka matope. Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno: mwanafunzi hakuonekana kituoni mara tatu katika muhula huu, akikosekana mara ya nne, nafasi yake katika basi atapewa mwingine aliye katika orodha ya wanaosubiri.

"Imebaki moja," alisema mama.

"Imebaki moja," mume akarudia.

Barazani, juu ya kiti chake cha kamba, bibi yake Chiriku aliacha tasbihi ikae vidoleni. "Na hilo basi nalo lina haraka ya nini? Kituo chenyewe ni hapo tu. Lingemngoja mtoto kidogo, lingepungukiwa na nini?"

Mama Chiriku aliikunja barua, akamgeukia mumewe, na aliposema alisema taratibu, jambo lililokuwa baya kuliko kelele.

"Mwenzangu, wewe ukuta ukitoka nje ya uzi kwa upana wa ukucha unabomoa unaanza upya. Watu wote hapa wanakuita Timazi, na hilo jina hukupewa bure. Njia ya mwanao umeipima lini?"

Timazi aliutazama mfuko wake wa kazi. Kisha akauweka chini, akamtuma mtu kwa msimamizi wake kwamba leo asingojewe, akavaa shati la kwendea mjini.

*

Bawabu wa ofisi ya elimu alimtazama miguu kabla ya uso.

"Hayo mabuti, mzee. Sakafu imepigwa deki sasa hivi."

"Nimeyafuta hapo nje."

"Yafute tena."

Akayafuta tena. Aliketi mwisho kabisa wa benchi, makalio nusu, ili saruji iliyoshika suruali yake isichafue ubao. Watu waliokuja nyuma yake wakiwa na viatu vinavyong'aa waliingia na kutoka. Alikaa akiukagua ukuta wa mbele yake, akaona kwamba fundi aliyeupiga lipu alikuwa na haraka, na kwamba fremu ya mlango imepinda kuelekea kushoto. Yalimpa faraja kidogo. Adhuhuri ilipokaribia, akaitwa.

Ndani palikuwa na meza mbili. Kwenye ile ndogo aliketi karani kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Kwenye ile kubwa, afisa wa usafiri wa wanafunzi, mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi, mguu mmoja kaunyoosha juu ya kigoda kwa sababu ya goti linalouma.

"Shikamoo mzee!" Karani aliruka kutoka kitini. "Nakukumbuka. Nilikuja kwenu na pikipiki wakati wa kiangazi. Maji yenu yalikuwa baridi, wallahi, kama yametoka barafuni."

"Marahaba, mwanangu."

Timazi aliitoa barua, akaeleza kwa maneno machache, kama alivyozoea kueleza kasoro ya msingi kwa mwenye nyumba: njia ni ndefu, mtoto ana miaka tisa, mvua imekula kivuko, anaamshwa kabla ya adhana na bado anachelewa. Aliomba kituo kisogezwe.

Afisa alivaa miwani. "Kanuni iko wazi, fundi. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili hatakiwi kutembea zaidi ya kilomita mbili hadi kituoni. Kwenu ni kilomita ngapi?"

"Sijui hasa, mama. Lakini ni zaidi ya mbili. Ni zaidi sana."

Karani alikuwa amekwisha kufungua kabati. Alirudi na jalada, akalamba kidole, akafunua, na Timazi akaona kutoka pale alipokaa karatasi aliyoifahamu, yenye alama ya dole gumba la mama yake, rangi ya zambarau.

"Umbali wa nyumba kutoka barabarani kwenye ghala la maziwa," alisoma karani. "Jibu: hapo tu." Akaanza kucheka, akajizuia. "Nami nikaandika pembeni, chini ya kilomita moja. Si wewe peke yako, mzee. Nyumba kumi na moja nilizopita, zote zilinijibu hivyo hivyo. Hapo tu, hapo tu, hapo tu. Ndiyo maana kituo kikawekwa ghalani."

Damu ilimpanda Timazi masikioni. Aliikumbuka siku ile yote. Kijana huyu alifika ulimi nje, vumbi hadi kwenye kope, akasimama mlangoni akikataa kiti kwa kuwa alikuwa na haraka. Mama yake Timazi akaagiza maji. Kijana akauliza, akiwa na gilasi mkononi, kutoka hapa mpaka barabarani ni mbali? Naye Timazi angejibu nini? Mgeni umwambie uso kwa uso kwamba kwenu ni mbali? Ni sawa na kumwambia amejisumbua kuja, na kwamba akienda asirudi. Baba yake hakupata kulitamka neno hilo, wala babu yake. Ulimi ulijibu kabla ya akili, na akili haikuona ubaya; mama yake, mwenye nyumba, akatia dole.

"Yalikuwa maneno ya adabu," alisema.

"Ya nini?" aliuliza afisa.

"Ya adabu, mama. Kwa mgeni."

Afisa alivua miwani. Hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu aliyesikiliza sababu nyingi katika chumba kile. "Fundi, unajua taabu iliyo mbele yangu? Huku kuna maneno yako, na huku kuna maneno yako. Niamini yapi?"

Timazi alifikiri. "Usiamini maneno. Amini uzi. Nitaipima, na wewe uje uipime."

"Goti hili?"

"Polepole, mama. Mwanangu anaipita kila siku mara mbili."

Karani akajifanya anapanga kalamu zake.

"Jumanne," alisema afisa hatimaye. "Nitashuka na basi la jioni pale ghalani nitembee na mtoto mwenyewe mpaka kwenu. Lakini usikilize. Fomu hii ina dole la mwenye nyumba. Kuibadilisha kunataka dole lile lile, na maneno ya mwenye nyumba kinywani mwake, mbele yangu. Si yako. Yeye ndiye aliyethibitisha."

"Ni mama yangu."

"Basi kaongee na mama yako. Na mpaka siku hiyo, mtoto asikose basi. Mara ya nne ikifika, mimi mwenyewe sitakuwa na la kufanya."

*

"Siwezi," alisema bibi yake Chiriku.

"Mama..."

"Nimesema siwezi. Nyumba hii aliijenga baba yako kwa mikono yake. Wageni wamekuja hapa kwa miguu, kwa punda, wamekuja wagonjwa wamebebwa. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwetu ni mbali. Sasa mimi, na mvi hizi, niite mtu wa serikali nimwambie tunaishi porini?"

"Hakuna aliyesema porini, mama."

"Mbali na porini vina tofauti gani?"

Mama Chiriku alikuwa akishona pindo la sketi ya shule, lililofumuka kwa kuburuzwa kwenye majani. Aliuma uzi kwa meno. "Tofauti, mama, ni mtoto."

"Wewe nawe nyamaza. Nilitembea zaidi ya hapo kuchota maji nikiwa na mimba yake huyu."

"Najua, mama. Ndiyo maana magoti yako yanalia usiku."

Bibi aligeuza uso, akaendelea na tasbihi yake kwa kasi isiyokuwa ya ibada.

Jirani hakuwa na msaada pia. Huyu alikuwa mfuga nyuki, watu wakimwita Mzee Mizinga, na wajukuu zake wawili walikuwa wamekwisha kupoteza nafasi zao katika basi tangu muhula uliopita. Sasa walishinda nyumbani wakipura maharage. Timazi alimkuta akichuja asali kwa kitambaa.

"Unataka niandikishe kwamba kwangu ni mbali?" Mzee Mizinga alicheka mpaka asali ikatikisika. "Nani atakuja kununua hii? Hebu niambie. Na huyu binti yangu wa mwisho, nani atakuja kumposa? Watasema, ah, kule? Kule mtu anakwenda na akiba ya chakula."

"Wajukuu zako hawasomi, mzee."

"Wana miguu mizuri."

"Miguu mizuri ya kwenda wapi?"

Mzee Mizinga alilamba kidole, akaendelea kuchuja.

Kwa hiyo asubuhi zilizofuata Timazi alifanya lile aliloliweza peke yake. Baada ya sala ya alfajiri, aliubeba mkoba wa Chiriku begani pamoja na mfuko wa mwiko, wakaondoka pamoja gizani, mtoto akishika ncha ya shati lake. Walifika ghalani basi likiwa bado, na dereva, mtu mnene asiyetoa macho kwenye saa yake, alisema, "Leo tumepona." Kisha Timazi akakata njia ya pili kwenda kazini, akafika wenzake wamekwisha kuchanganya zege.

"Bwana harusi amefika," msimamizi aliwaambia vibarua siku ya tatu. "Mfungulieni mwavuli." Nao wakacheka. Timazi alivua shati, akachukua mwiko, na siku hiyo aliinua kozi tatu za matofali zaidi ya mwingine yeyote, bila neno. Lakini jioni msimamizi alimwambia kando, bila kucheka, kwamba wiki ijayo mwenye jengo atakuja, na fundi anayechelewa hatakuwa na mahali.

*

Siku ya mapumziko, adhuhuri ilipokwisha kusaliwa, Timazi alikata uzi wa kujengea, akaunyoosha uani, akaupima kwa futi yake ya chuma mara tatu: mita hamsini kamili. Alifunga vigingi viwili, kimoja kila mwisho. Mkewe akashika cha nyuma, yeye cha mbele. Chiriku akapewa maharage mfuko wa kulia wa sketi. Kila uzi ukinyooka, punje moja ihamie mfuko wa kushoto.

"Mimi mwenye nyumba sitoki," alisema bibi kutoka barazani, "watu wasije wakadhani tunagawana shamba."

Walianza mlangoni. Timazi hakukata njia wala hakurahisisha. Alifuata kila kona, kila mzunguko wa shina, kama mguu wa mtoto unavyofuata. Punje tano, punje kumi. Mwanzoni walitaniana. Mama Chiriku alisema kwamba siku ya harusi yake aliambiwa na huyu bwana kuwa nyumbani kwao ni hapo tu, na akatembea na viatu vya kuazima mpaka kisigino kikang'oka.

"Hukurudi lakini," alisema Timazi.

"Ningerudi vipi? Kisigino kimoja!"

Chiriku alicheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze, kisha ulimi wake ukafunguka, naye akaanza kuwaonyesha njia yake kana kwamba ndio wageni.

"Hapa kwenye jiwe ndipo ninapoanza jedwali la saba. Nalisema kwa sauti mpaka kule kwenye kichuguu."

"Kwa nini la saba?"

"Ndilo gumu. Nikilisema siyasikii majani."

"Majani yanafanya nini?"

"Yanatikisika tu, baba."

Uzi ukanyooka, punje ikahama. Walipofika bondeni, mtoto aliwasimamisha. Kivuko cha mawe kilikuwa kimezolewa, maji yakipita na povu la kahawia. Aliwaongoza kando ya ukingo, juu, juu zaidi, mpaka kwenye gogo lililolala kukatiza maji, kisha wakashuka tena upande wa pili hadi mahali ambapo njia ya zamani iliendelea. Safari zote zile za gizani Timazi alikuwa amembeba hapo mgongoni na kuvuka majini, maji yakimfika kiunoni. Hakupata kujua kuhusu gogo. Aliihesabu hiyo safari ya kupanda na kushuka: punje kumi na mbili. Mita mia sita, ili kuvuka maji ambayo mtu angeyavuka kwa hatua ishirini.

"Unapita juu ya hili gogo peke yako?"

"Nakaa, natambaa juu yake. Ndiyo maana sketi inachafuka. Mama alidhani nacheza."

Mama Chiriku aliinama akajifanya anakaza kigingi.

Mbele kidogo, kwenye kisiki kilichokatwa, mtoto alisema, "Hapa huwa nakaa."

"Unachoka?"

"Hapana. Nakaa tu."

"Kwani ni mbali sana kwako, mwanangu?" aliuliza Timazi.

Chiriku alimtazama baba yake, akautazama uzi, akatabasamu kwa heshima, tabasamu lile lile ambalo Timazi aliliona usoni pa mama yake kila mgeni alipoingia. "Si mbali sana, baba. Ni hapo tu."

Timazi alisimama, kigingi mkononi. Alikuwa amedhani kwamba lile neno alilisema mara moja tu, mbele ya karani mmoja, mwezi mmoja wa kiangazi.

Walifika ghalani jua likiwa limeegemea. Chiriku alizimimina punje za mfuko wa kushoto juu ya ubao wa mpokea maziwa, wakazihesabu mara mbili. Themanini na moja, na kipande cha mita kumi na sita. Mita elfu nne na sitini na sita.

Mpokea maziwa alipiga mbinja. "Na mnarudi kwa miguu?"

Ulimi wa Timazi uliinuka kujibu kama ulivyofundishwa. Akauzuia. "Kwa miguu," alisema. "Na ni mbali."

*

Jumanne afisa alishuka basini kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Karani alishuka nyuma yake na kijigurudumu chenye mpini, kinachohesabu mita kinaposukumwa. Chiriku alishuka wa mwisho, mkoba mgongoni, akawaamkia.

"Haya, mwenyeji," afisa alimwambia mtoto. "Tupeleke kwenu."

Timazi alitembea nyuma. Alikuwa amemchongea afisa fimbo, na afisa aliipokea bila maneno, jambo lililompendeza. Kwenye kisiki afisa aliketi, akasugua goti.

"Bado sana, fundi?"

Jasho lilikuwa limemtoka mama wa watu, pindo la gauni limejaa tope, na alikuwa mgeni wake, amekuja kwa ajili ya mwanawe. Huruma na malezi vilimsukuma Timazi kwa pamoja, na lile neno likamjia hadi mwanzo wa midomo, laini, lililozoeleka, lililokuwa tayari kumtuliza. Alilimeza.

"Bado, mama. Hatujafika hata nusu."

"Mungu wangu," alisema karani.

Afisa alimtazama Chiriku, aliyekuwa amekwisha kusimama akiwangoja, kisha akajiinua kwa fimbo. Kwenye gogo afisa alikataa kuvuka mpaka alipomwona mtoto akitambaa. Baada ya hapo alivuliwa viatu, akavuka kwa kushikwa huku na huku, na hakuuliza tena.

Nyumbani, bibi yake Chiriku alikuwa amevaa khanga zake mpya. Alisimama mlangoni, mikono wazi. "Karibuni, karibuni! Mmefika upesi! Poleni na safari, ingawa safari yenyewe ndiyo hiyo, ni ha..."

"Mama," alisema Timazi.

Bibi akafunga mdomo.

Karani alikiegemeza kijigurudumu ukutani akasoma. "Elfu nne na sabini na moja. Mzee, umekosea mita tano."

"Gurudumu lako limepanda mawe," alisema Timazi. "Uzi haupandi mawe."

Afisa alipewa kiti. Alitoa fomu mbili, ile ya zamani na mpya iliyo tupu, na kijibweta cha wino wa zambarau. "Bibi, nimetembea, nimeona. Lakini mimi sijazi fomu kwa niaba ya mtu. Mwenye nyumba ni wewe. Kutoka hapa mpaka ghalani ni mbali au si mbali?"

Timazi hakumtazama mama yake. Mkewe alisimama mlango wa jikoni, sinia mkononi. Nje ya ua palikuwa na kikohozi: Mzee Mizinga, aliyekuwa akipita, na ambaye kwa bahati alikuwa amevaa kanzu yake ya sikukuu.

Bibi aliagiza maji, akasimamia mgeni anywe kwanza, akamwuliza habari za watoto wake, habari za goti. Afisa akajibu yote kwa subira. Ndipo kitu kikaanguka barazani, pu, na wote wakageuka. Ulikuwa mkoba wa Chiriku, umeteleza begani. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni mgongo ukutani, amelala, kipande cha mkate mkononi hakijaumwa, nyayo zake zimenyooshwa mbele yao zote mbili, nyeupe na zilizokunjamana kwa kulowa mchana kutwa.

Bibi aliziangalia zile nyayo muda mrefu. Aliinuka, akajikokota, akainama juu yake kwa magoti yake yanayolia, akazifunika kwa ncha ya khanga mpya. Alipogeuka, alimwelekea afisa, na sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe ni mgeni wangu. Kwako wewe, hapa ni hapo tu. Njoo kesho, njoo keshokutwa, njoo na wanao, utakuta mlango wazi na maji, na kwako itakuwa hapo tu mpaka siku nitakayozikwa." Akanyoosha dole gumba. "Kwa mtoto huyu ni mbali. Andika. Andika hivyo hivyo."

Karani aliandika, na dole likabonyezwa, na hakuna aliyecheka.

"Na kwangu je?" Mzee Mizinga alikuwa amekwisha kuingia. "Kwangu mimi ni mbele ya hapa. Kwa hiyo andika mbali zaidi. Nina wajukuu wawili."

"Na miguu yao mizuri?" aliuliza Mama Chiriku.

"Wacha fitina, mwanamke. Andika, kijana."

Afisa alifunga jalada. "Kituo ninaweza kukileta kwenye tangi la maji, pale njia panda inapofika barabara ya gari inayolizunguka bonde. Lakini niwaambie ukweli. Basi litafika, halitaweza kugeuka. Pale pana mteremko na mtaro. Dereva hatarudi kinyumenyume kilomita nzima, na ofisi haina fungu la kujenga."

"Sikuomba fungu," alisema Timazi. "Niliomba kituo. Pa kugeuzia tutapajenga."

*

Walipajenga kwa siku kumi na nane. Wanaume wa nyumba kumi na moja walikuja jioni baada ya kazi zao, wengine wakinung'unika kwamba wameaibishwa, lakini wakija. Mawe yaliletwa kwa toroli na kwa vichwa. Mzee Mizinga hakubeba jiwe hata moja. Alikaa kando akitoa amri, na alileta asali. Timazi alivuta uzi wake, akaweka timazi, akamfanya kila mtu abomoe pale palipopinda, na alipoulizwa kama basi litajua tofauti ya upana wa ukucha, alisema litajua. Msimamizi wake wa kazini, aliyepita siku moja kuona ni kitu gani kinachomchelewesha fundi wake, alisimama akatazama, akauliza kama saruji imetosha, na kesho yake akaleta mifuko miwili bila kueleza. Katika siku zote hizo kumi na nane Chiriku hakukosa basi. Baba yake alimsindikiza hadi ghalani, alfajiri kwa alfajiri.

Siku ya kwanza ya kituo kipya dereva aliingia taratibu, akatoa kichwa dirishani kukagua mtaro, akageuza mara moja tu bila kugusa ukingo. Aliangalia saa yake. Chiriku alikuwa wa kwanza kupanda, viatu miguuni, vikavu, akiwa amekwisha kuanza hadithi ndefu kuhusu punda wa Mzee Mizinga ambayo wenzake nyuma yake walikuwa wakimsihi aikatishe.

"Ewe mtoto mwenye maneno," alisema dereva, "leo umewahi. Kwani kwenu ni wapi?"

Chiriku alinyoosha kidole kupitia kioo, juu ya mteremko mfupi, ambako ukuta wa ua ulionekana wazi na mtu mzee amesimama langoni kwa khanga mpya.

"Hapo tu," alisema.

Ilikuwa mita mia saba na arobaini. Baba yake alikuwa ameipima.